Uliza Fundi: Injini ndogo ya roketi na pesa zinakoishia

Tangu tuguse roketi za mafuta ya kimiminika kwenye safu hii, barua zimekuwa nyingi, na nyingi zinatoka vyuoni na kwenye gereji za Arusha na Moshi. Ili hesabu zisipishane tumezijibu zote kwa injini moja ya mfano: msukumo wa niutoni 500, yaani nguvu ya kuinua kama kilo 51, presha ya chemba (chumba mafuta yanapoungulia) bar 20, inayochoma spiriti kwa oksijeni ya gesi. Anayetaka kubwa au ndogo zaidi atabadilisha namba. Njia ni ileile.

Shikamooni wataalamu. Sisi ni wanafunzi watano wa ufundi mitambo. Tunataka kubuni injini ndogo ya roketi kwa bei nafuu, lakini kila tunakosoma tunakutana na pampu zinazozungushwa na turbini, na bei zake hazisemeki. Tuanzie wapi?
*Wanafunzi, Njiro, Arusha*

Marahaba. Anzeni kwa kuifuta hiyo pampu kwenye mchoro. Unafuu wa injini hizi hutokana na kuondoa vitu, si kununua vitu hafifu. V-2, roketi ya kivita ya Wajerumani, ilimeza karibu kilo 125 za alkoholi na oksijeni kila sekunde; hapo pampu haikwepeki. Ninyi mnahitaji gramu 231 kwa sekunde. Kiasi hicho kinasukumwa vizuri na naitrojeni iliyobanwa juu ya tangi la spiriti, na oksijeni inajisukuma yenyewe kutoka mtungini. Roketi ya Robert Goddard iliyoruka Auburn, Massachusetts, tarehe 16 Machi 1926 haikuwa na pampu. Ilipanda kama mita 12 tu na kukaa angani sekunde 2.5, lakini ndiyo ya kwanza duniani ya mafuta ya kimiminika.

Gharama ya kukosa pampu ni uzito. Tangi lazima libebe presha kubwa kuliko chemba, kwa hiyo kuta zake huwa nene. Hesabu inakwenda hivi: chemba bar 20, injekta (bamba la matundu linaloingiza mafuta na oksijeni kwenye chemba) inakula 4, valvu na mabomba 2, na akiba kidogo, tangi la spiriti linafika bar 28. Mkiwa na tamaa ya chemba ya bar 50, tangi linakaribia bar 70, na hapo hamko tena kwenye bei nafuu. Bar 20 si ya kuonea aibu. V-2 ilifanya kazi kwa bar 15 hivi.

Sasa vipimo. Eneo la koo la nozeli ni msukumo ukigawanywa kwa presha ya chemba na kwa kigawo cha msukumo (namba ya jinsi nozeli inavyoongeza msukumo), ambacho kwa bar 20 chukueni 1.4. Yaani 500 kwa (1.4 × 2,000,000), unapata milimita za mraba 179. Kipenyo cha koo: mm 15.1. Kasi halisi ya moshi kwa injini ya kujifunzia ichukueni mita 2,160 kwa sekunde, msidanganywe na namba za vitabuni zinazodhani kila tone limeungua. 500 kwa 2,160 ni kilo 0.231 kwa sekunde. Kwa uwiano wa oksijeni 1.3 kwa spiriti 1, oksijeni ni gramu 131 na spiriti gramu 100.

Ujazo wa chemba unatafutwa kwa urefu bainifu, kipimo kinachosema mchanganyiko unahitaji nafasi kiasi gani ili uungue kabla haujatoka. Kwa spiriti na oksijeni mita 1.2 inatosha. Zidisheni kwa eneo la koo, mnapata sentimita za ujazo 215. Mkikereza ndani mm 50, urefu unakuwa karibu mm 110. Wengi hufupisha hapa kuokoa shaba, matokeo yake moto unawakia nje ya nozeli: mwali mrefu wa kupendeza kwenye video, msukumo nusu.

Mdomo wa nozeli ndipo Arusha inapoingia kwenye hesabu. Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa yake ni bar 0.86 hivi, kwa hiyo moshi unaweza kuachiwa utanuke zaidi kuliko pwani. Kwa Arusha mdomo uwe na eneo mara 4 ya koo, kipenyo mm 30. Kwa Dar es Salaam ni mara 3.6, kipenyo mm 28.6. Tofauti ni milimita moja na nusu, na kwa msukumo haionekani. Kosa la mkereza kwenye koo litawagharimu zaidi.

Mkishamaliza yote hayo mtagundua chemba ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Pesa zinaishia kwenye valvu zinazofunguka kwa kuaminika, reguleta (vidhibiti presha) za mtiririko mkubwa, vipimapresha na mitungi. Kwenye bajeti, kwa kila shilingi ya chemba wekeni kadhaa za hivyo.

Mimi ni mkereza vyuma. Vijana wameniletea mchoro wa chemba ya roketi wanataka ya shaba nyekundu. Nimewashauri watumie stenlesi, ni ngumu zaidi na haishiki kutu. Wamekataa. Nani ana haki?
*Fundi, Majengo, Moshi*

Vijana wana haki, mzee wetu, ingawa kwa kazi nyingine mia ungekuwa wewe.

Ndani ya chemba hii gesi ina joto la zaidi ya nyuzi 2,500. Hakuna chuma cha dukani kinachohimili hilo. Kinachookoa ukuta ni kuliondoa joto haraka kuliko linavyoingia. Kwenye koo, joto linaloingia ni la kadiri ya megawati 5 kwa kila mita ya mraba. Chukua ukuta wa mm 2. Kwa shaba nyekundu, tofauti ya joto kati ya uso wa ndani na wa nje ni nyuzi 26 hivi. Kwa chuma cha kawaida ni 200. Kwa stenlesi ni zaidi ya 600. Maana yake, hata ukimwagia stenlesi maji baridi nje, ndani iko nyekundu. Ugumu wake hausaidii kitu, kwa sababu tatizo si nguvu, ni kupitisha joto.

Shaba nyekundu nayo ina udhaifu wake: inayeyuka kwa nyuzi 1,085 na inaanza kulegea mapema zaidi, kwenye 300 na kitu. Kwa hiyo njia ni mbili. Ya kwanza ni kuiacha nene, mm 15 au zaidi pande zote, bila maji, na kuwasha sekunde 2 au 3 tu, kisha kuiacha ipoe. Inanywa joto, haina la zaidi. Ni njia ya bei ndogo kuliko zote na tungewashauri waanze nayo. Ya pili ni koti la maji kwa majaribio ya kwenye stendi (fremu ya kufungia injini chini). Maji nusu lita kwa sekunde yanabeba kilowati 50 huku yakipanda nyuzi 24 tu.

Hapo kwenye koti kuna mtego ambao uko mikononi mwako wewe mkereza. Chemba ni nene tumboni na nyembamba kooni. Ukiivalisha bomba lililonyooka la mm 57, maji yanabanwa tumboni lakini kooni yanakuta uwanja mpana. Kasi yake pale inashuka mpaka sentimita 22 kwa sekunde, na pale ndipo moto ulipo mkali kuliko kote. Yanachemka, mvuke unafunika shaba kama blanketi, na koo linatoboka. Dawa ni kipande cha kujazia: bomba nene la chuma lililokatwa nusu mbili, ndani limekerezwa kufuata umbo la nozeli, likiacha mwanya wa mm 0.8 kooni. Kwa mwanya huo maji yaleyale yanapita kwa mita 10 kwa sekunde. Waulize vijana kama mchoro wao una kipande hicho. Kama hauna, usianze kukata.

Kingine cha kuwauliza: kama katika gramu 100 za spiriti kila sekunde wametenga 10 hadi 15 zipite zikiambaa ukuta. Inapoteza msukumo kidogo, lakini ukuta unaishi.

Mhariri, enzi za ujana wetu tulisikia Wajerumani wanarusha roketi Zaire. Wajukuu wanasema ni hadithi za kahawani. Ni kweli?
*Mzee wa Kiboriloni, Moshi*

Shikamoo mzee. Ni kweli, na wajukuu wako wangefaidika kuisoma habari hiyo. Kampuni iliitwa OTRAG, ya Ujerumani Magharibi, chini ya mhandisi Lutz Kayser. Ilipewa eneo kubwa katika jimbo la Shaba, yaani Katanga, na kurusha roketi tatu: moja Mei 1977, nyingine Mei 1978, ya tatu Juni 1978 ikashindwa mbele ya Rais Mobutu. Mwaka 1979 ilifukuzwa kwa sababu za kisiasa na kuhamia Libya.

Kwa mwenye kubana matumizi, OTRAG ni darasa. Hawakuwa na pampu hata moja. Kila tangi lilikuwa bomba la chuma lenye upana wa sentimita 27, theluthi mbili mafuta, theluthi moja hewa iliyobanwa. Mafuta yakipungua hewa inatanuka, na hapo hata reguleta imeondolewa. Valvu zilizungushwa na mota za waipa za magari. Chemba haikuwa na koti la kupozea: ndani ilipakwa tabaka linaloungua taratibu na kuondoka na joto lake. Roketi kubwa ingejengwa kwa kufunga mabomba hayo mengi pamoja, yote ya aina moja, yatoke kiwandani kwa wingi.

Walichochoma lakini msikiige: mafuta ya jamii ya dizeli na asidi kali ya naitriki. Asidi hiyo inatafuna ngozi na mvuke wake unaua mapafu polepole, mtu anaweza kwenda nyumbani akijiona mzima. Haina nafasi kwenye mradi wa wanafunzi.

Tumetoboa injekta yetu matundu ya mm 1 kama hesabu ilivyosema. Tulipopima kwa maji inatoa nyingi kuliko hesabu, halafu matundu hayafanani. Pia mwalimu mmoja anatushauri tuache matundu tutumie pinteli. Tufanyeje?
*Kikundi cha roketi, Tengeru*

Kwanza hongereni kwa kupima na maji. Ndiyo shughuli yenye faida kuliko zote katika mradi huu, na gharama yake ni ndoo.

Turudie hesabu. Spiriti ya asilimia 75 ina uzito wa kilo 855 kwa mita ya ujazo. Mnataka gramu 100 kwa sekunde kwa tofauti ya presha ya bar 4. Kigawo cha tundu (sehemu ya mtiririko wa hesabu inayopita kweli) kikiwa 0.7, eneo lote linakuwa milimita za mraba 5.5, sawa na matundu 7 ya mm 1.0. Maji ni mazito kuliko spiriti, kwa hiyo kwa presha ileile hayatatoka gramu 100 bali 109 kwa sekunde. Huenda sehemu ya ziada yenu ni hiyo tu. Kwa sekunde 30 ndoo inapaswa kuwa na kilo 3.27. Pimeni kwa mizani, si kwa mistari ya ndoo.

Inayobaki tafuteni sehemu tatu. Kwanza, geji iko wapi? Geji ya kwenye tangi inasoma presha kabla ya bomba na valvu. Iwekeni sentimita chache kutoka kwenye injekta. Pili, biti. Biti ya mm 1.0 iliyokaa vibaya kwenye chaki (kishikio cha biti) inacheza na kutoa tundu la mm 1.05. Inaonekana si kitu, lakini eneo linapanda kwa asilimia 10. Tatu, mdomo wa tundu upande wa ndani. Tundu lenye ukingo mkali lina kigawo cha karibu 0.6, mkilisugua kidogo likawa la mviringo linakaribia 0.8. Ndiyo maana matundu mawili yaliyotobolewa na biti moja, fundi mmoja, siku moja, hutoa maji tofauti: moja limebaki na unywele wa chuma ukingoni, lingine limesuguliwa.

Kila tundu likingieni glasi yake na mlinganishe. Tofauti ya zaidi ya asilimia 5, rekebisheni. Msirekebishe kwa kutoboa upya. Chukueni kijiti cha mbao laini chenye unga wa kusagia valvu za injini, mkizungushe kwa mkono mara tano sita kwenye mdomo wa ndani, osheni, pimeni tena. Tundu likishakuwa kubwa halirudi, hivyo anzeni na biti ya 0.95 kama mtaipata. Toboeni kwa mizunguko ya juu, mkisogea robo milimita na kutoka kusafisha, bamba lisizidi mm 3. Biti hukatikia mwishoni, inapotokea upande wa pili. Wekeni kipande cha shaba njano chini yake.

Halafu zimeni taa, mulikeni tochi kutoka pembeni. Kila uzi wa maji unyooke kama kijiti cha kioo na ukutane na mwenzake pale mlipochora. Uzi unaotawanyika mapema, tundu lake lina unywele wa chuma mdomoni. Uzi uliopinda wa spiriti utalowesha ukuta, hauna madhara makubwa. Lakini tundu la oksijeni likielekea ukutani litakata shaba kama msumeno.

Oksijeni ni gesi, kwa hiyo upande wake unahitaji eneo kubwa zaidi, karibu milimita za mraba 40, na maji hayawezi kuupima. Pimeni kwa naitrojeni.

Kuhusu pinteli, mwalimu wenu hajakosea kwa ujumla. Ni kijiti kimoja cha katikati kinachotawanya mafuta pande zote, vipande vichache, na kina heshima yake: injini iliyowashusha wanaanga wa Apollo mwezini, yenye niutoni 45,000, ilitumia pinteli na iliweza kupunguzwa hadi kama sehemu moja ya kumi. Injini za Merlin za SpaceX ni pinteli pia. Lakini kwa ukubwa wenu mwanya kuzunguka kijiti cha mm 10 ni mm 0.175. Kijiti kikihama katikati kwa mm 0.05 tu, upande mmoja mwanya ni 0.225 na mwingine 0.125, karibu mara mbili. Kwa mashine nyingi za kukerezea za hapa mjini, matundu saba ni rahisi kuyatawala kuliko mwanya mmoja. Pinteli iacheni mpaka mfike niutoni elfu kadhaa.

Mafuta ya taa, petroli au spiriti? Mafuta ya taa yako kila kituo.
*Msomaji, Bomang'ombe*

Spiriti. Mafuta ya taa yanatoa nguvu zaidi kidogo lakini moto wake ni mkali zaidi na yanaganda masizi kwenye njia za kupozea. Petroli inatoa mvuke unaotambaa chini kutafuta cheche. Spiriti inachanganyika na maji, na hilo ndilo jambo kubwa: maji yanashusha joto la chemba, na ikimwagika unaisuuza kwa ndoo. V-2 nayo ilitumia alkoholi ya asilimia 75. Nunua ya maabara ya asilimia 96 kwa ujazo, kilo 8, ongeza maji kilo 2. Gongo usiiguse; nguvu yake haina kipimo na ni kosa kisheria.

Nina gereji ya kuchomelea, mtungi wa oksijeni ninao na reguleta ninayo. Vijana wakija niwaazime?
*Mchomeleaji, Kaloleni, Arusha*

Mtungi utatosha, reguleta haitatosha. Mtungi wa lita 50 wenye bar 150 una kilo 10 za oksijeni, na kuwasha sekunde 6 kunakula kilo 0.8 tu. Tatizo ni kasi. Gramu 131 kwa sekunde ni karibu lita 5,900 kwa dakika. Reguleta ya kuchomelea imeundwa kwa makumi ya lita, ya kukatia kwa mamia machache. Vijana wataona geji inasoma vizuri valvu ikiwa imefungwa. Ikifunguliwa sindano inaanguka, chemba inakosa oksijeni, spiriti inatoka mbichi. Watadhani injekta ndiyo mbaya na kuanza kuitoboa upya.

La pili unalijua kuliko sisi: grisi na oksijeni havikai pamoja. Waambie vijana kwamba sheria ya gereji yako inahusu kila kipande hadi kwenye injekta. Valvu mpya kutoka dukani huja na mafuta ya kuzuia kutu ndani. Ifunguliwe, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, isuuzwe mara mbili, ikaushwe kwa naitrojeni. Isikaushwe kwa hewa ya kompresa, kwa sababu kompresa za gereji hutema oili; mtu anasafisha saa nzima halafu anapaka oili upya kwa pumzi moja.

Na valvu ya tufe (ball valve), ile inayofunguka kwa robo mzunguko, isikae upande wa presha kubwa. Oksijeni ikijaa ghafla kwenye bomba lililofungwa mbele, kutoka hewa ya kawaida hadi bar 150, inajibana na kupata joto ambalo kwa hesabu linapita nyuzi 900. Hapo raba ya valvu inawaka, na ndani ya oksijeni hata chuma kinafuata. Valvu ya mtungi ifunguliwe taratibu, aliyefungua akiwa pembeni, si mbele ya reguleta.

Tunataka kutumia mtungi wa gesi ya kupikia kama tangi la spiriti. Tumeupima kwa kompresa ya gereji, bar 8, haukuvuja. Unafaa?
*Wawili, Sakina*

Haufai, na kipimo hicho msikirudie. Mitungi ya gesi ya kupikia hupimwa kiwandani kwa kadiri ya bar 30. Ninyi mnataka kuitumia kwa 28 kila siku, yaani kuishi kwenye kikomo chake. Kuikata au kuichomelea ni hatari nyingine tena, maana mabaki ya gesi hukaa ndani hata valvu ikitolewa.

Tangi la bar 28 lipimwe kwa bar 42, mara moja na nusu, likae dakika 10 bila sindano kushuka. Lipimwe kwa maji, kwa ile pampu ya mkono wanayotumia mafundi bomba. Angalieni tofauti: tangi la lita 10 likijazwa hewa ya bar 42 limebeba karibu joule 69,000, sawa na gari la tani moja likiwa kasi ya kilomita 42 kwa saa. Likijazwa maji ya presha hiyohiyo maji yamebeba kama joule 40. La kwanza likipasuka linaua aliye chumba cha pili. La pili linalowesha viatu. Lakini hakikisheni hewa yote imetoka: inamisheni tangi, tundu la kutolea hewa liwe juu kabisa, pigeni pampu mpaka maji yatoke bila mapovu, ndipo mfunge.

Tulialikwa kushuhudia jaribio. Injini ilipiga mlipuko mmoja, injekta ikapasuka. Wiki nyingine waliwasha tena, safari hii ikawa inanguruma tutututu mpaka bomba likalegea. Ni ugonjwa mmoja?
*Mwalimu wa fizikia, Moshi*

Ni magonjwa mawili, mwalimu.

Mlipuko ni kuchelewa kwa moto. Kila sekunde 0.3 za kuchelewa zinaingiza gramu 70 za spiriti na oksijeni kwenye chemba ya sentimita za ujazo 215. Sehemu inamwagika nje, inayobaki ikiwaka kwa mkupuo mmoja presha inaruka mara nyingi ya bar 20. Kwa hiyo kiwashio ndicho kinachotangulia, na valvu zisifunguke mpaka kiwashio kimethibitishwa kinawaka. Uthibitisho usiwe wa jicho la mtu. Waya mwembamba uliopita mbele ya kiwashio unatosha: moto ukiukata, saketi inakatika, ndipo valvu zinaruhusiwa. Mafuta yaingie kwanza kwa mtiririko mdogo, na presha ya chemba isipopanda ndani ya nusu sekunde kila kitu kijifunge chenyewe. Wakati wa kuzima, oksijeni itangulie kufungwa. Spiriti ikibaki peke yake inaacha moto mchafu nje, oksijeni ikibaki peke yake na shaba ya moto inakula injini.

Ule mngurumo ni chemba na bomba vinavyosukumana. Presha ya chemba ikipanda kidogo mafuta yanapungua kuingia, presha inashuka, mafuta yanaingia kwa wingi, inapanda tena, mara makumi kwa sekunde. Karibu kila mara sababu ni tofauti ndogo ya presha kwenye injekta: walipanua matundu baada ya ule mlipuko? Ikishuka chini ya asilimia 15 ya presha ya chemba, tarajia ngoma hiyo. Asilimia 20 ni salama. Sababu ya pili ni hewa iliyobaki kwenye bomba la spiriti, inafanya kazi kama springi. Watoe hewa kwenye bomba kama wanavyotoa kwenye breki za gari, na valvu isogezwe karibu na injekta.

Umbali wa kushuhudia nao uutazame. Mtu asiwe ndani ya mita 50, na hata hapo awe nyuma ya ukuta wa viroba vya mchanga, akitazama kwa kamera.

Ikishafanya kazi, tunaweza kuirusha mbuga za Sanya? Pako wazi.
*Kikundi kilekile, Tengeru*

Hapana. Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro uko palepale, na anga lote la nchi liko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hakuna kinachorushwa bila kibali chake cha maandishi. Hata jaribio la kwenye stendi halifanywi kimyakimya: chuo kiwe mwenyeji, polisi na zimamoto wajue siku na saa. Na injini ya shaba nene ya kuwasha sekunde 3 haikukusudiwa kuruka. Chemba peke yake ina kilo kadhaa. Ifungeni kwenye chuma cha pembe kilichojengewa zege, mdomo ukitazama upande usio na nyasi kavu, na mizani ya kielektroniki nyuma yake ya kusoma hizo niutoni 500. Mkipata 400 mara ya kwanza mmefanya vizuri; tuleteeni presha ya chemba na uzito wa spiriti iliyotumika tuwaambie 100 zimepotelea wapi.